Kizibo Chekundu

Injini ilikuja kutoka Sharja imeviringishwa nailoni
kama maiti ya mtu mwenye jamaa.
Tuliivua mimi na Shaji, Ijumaa baada ya swala,
sanaiya ya Nizwa milango chini,
paka peke yao wakinusa grisi.
Siku mbili tukaishusha mahali pake.
Ikawaka mara ya kwanza.
Tukanywa chai ya maziwa, tukajiona.

Jumatatu Bwana Saidun karudi na tangi lake la maji.
"Mwadime," Kiswahili chake cha Bujumbura
kimechujwa na miaka arobaini ya Kiarabu,
"hii injini umeniwekea au umeniazima?
Tambarare inakwenda. Nikishapita Birkat al-Mauz,
mlima ukianza tu, inazira.
Gia ya pili. Gia ya kwanza.
Mbuzi wamenipita. Mbuzi!
Na kule Saiq watu wanangoja kunawa."

Sikumjibu. Fundi mwepesi wa jibu hulipa mara mbili.

Filta ya dizeli ilikuwa mpya; nikaibadili hata hivyo.
Shaji akakanyaga mafuta hadi chini,
nikauona mkono wa pampu ukifika mwisho, ukagonga skrubu yake.
Turbo nikaisukuma kwa kidole:
ikazunguka kama tasbihi ya mtu asiye na haraka.
Mipira mikubwa ya hewa nikaipaka maji ya sabuni
nikitafuta povu.
Povu, wapi.

Kilichoninyima usingizi ni bomba la moshi.
Injini ikilemewa ikatoa weusi, najua inakosa pumzi.
Hii haikutoa kitu. Bomba safi, shati la Idi.
Pumzi inayo, basi; inanyimwa chakula.
Na nani?

Usiku, kiyoyozi kikidondoka kwenye ndoo,
mama watoto akapiga kutoka Mariakani.
"U mzima?"
"Mzima."
"Mbona sauti iko mbali?"
"Mtandao."
Kwenye silensa hata mgonjwa hunguruma vizuri.

Alfajiri nikaiendea injini kuukuu,
tulikoitupa ukutani, vumbi limeshaitawala.
Juu ya pampu yake kuna kikopo cha duara,
na kutoka kikopo hicho hadi njia ya hewa
mpira mwembamba, unene wa kidole cha mtoto,
umepasuka, umekauka,
lakini upo.

Nikarudi mbio kwa ile mpya.
Pale pa mpira pana kizibo chekundu cha plastiki.
Watu wa Sharja walikiweka kuzuia mchanga.
Sisi tukakiona, tukakipangusa, tukakiacha,
kizuri, kama kishaufu.

Siku zote hizo turbo ikiita *hewa ipo, hewa ipo,*
na pampu, sikio limezibwa,
ikipima dizeli kwa kijiko cha mgonjwa.

Mpira nilinunua kwa Gul Zamin, baisa mia tatu,
na vikazio viwili akanipa bure.

Tukapanda naye, tangi limejaa pomoni.
Kona ya kwanza bomba likatema wingu moja jeusi,
kisha likanyamaza, na mlima ukaanza kushuka.
Gia ya tatu! Saidun akapiga usukani kofi.
Halafu, bila mimi kumuuliza:
"Miaka miwili ya kwanza hapa nilikuwa hivi.
Nakula, nalala, nasalimu watu.
Hakuna aliyejua nimezibwa wapi."
"Ukazibuliwa na nani?"
"Tazama kona," akasema, japo usukani ulikuwa wake.

Kizibo kilikuwa mfukoni, kikinichoma paja.
Juu Saiq, maji yakishuka kwenye birika la watu,
nikakiweka mbele yake, juu ya dashibodi.
Alikigeuzageuza. Hakucheka, hakukasirika.
Akakitumbukiza mfuko wa kanzu.

Kwenye risiti nikaandika: mpira, mia tatu.
Mbele ya *ufundi* nikaacha wazi.